Swali la Mama: Kwa Nini Chai Yangu Ilishindwa?

Mwezi huu ukurasa wetu wa bustani na afya unahusu mimea ya dawa, ile ambayo karibu kila nyumba inayo nyuma ya jiko: mchaichai, mrehani ambao wengi wetu tunauita lumbalumba, shubiri, mlonge, na siku hizi artemisia. Lakini sitaanza na mimea. Nitaanza na mdogo wangu.

Msimu wa mvua uliopita mdogo wangu wa miaka minne alishikwa na homa. Mama ana artemisia yake, miche aliyopewa na jirani, na anaitunza kama yai. Akachuma majani, akachemsha, akawa anampa mtoto kikombe asubuhi na jioni. Siku ya kwanza homa ikashuka, tukamshukuru Mungu. Siku ya pili ikarudi. Usiku wa siku ya tatu mtoto akapata degedege. Nilimbeba mgongoni gizani mpaka kituo cha afya, mama yuko nyuma yangu analia. Wakamtoboa kidole, wakapima: malaria kali. Wakamchoma sindano, na kesho yake mchana akaomba uji.

Nesi alitueleza kwamba dawa ya sindano ile inatengenezwa kutokana na kitu kinachotolewa kwenye mmea wa artemisia. Mama akamwangalia kwa muda, halafu akauliza: "Kama ni mmea huohuo, kwa nini chai yangu ilishindwa?"

Mimi ni mwalimu wa kujitolea tu, nilimaliza sekondari upande wa biolojia na kemia. Swali la mama lilinikaa kichwani. Nikarudi kwenye madaftari yangu ya zamani, nikasoma vitabu nilivyovipata, nikawauliza watu wa bustani wanaojua zaidi yangu. Jibu lilinipeleka mahali nisipopatarajia: chini ya udongo.

Jani siyo kidonge

Kidonge cha kwanza na cha mia kwenye boksi moja vina kipimo kilekile cha dawa. Majani hayako hivyo. Miche miwili ya artemisia, mmoja wako na mmoja wa jirani, inaweza kufanana kwa macho na kwa harufu, lakini kiasi cha dawa kilichomo kikatofautiana sana. Inategemea aina ya mbegu, wakati wa kuchuma, namna ya kukausha, na udongo.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Jani lenye dawa nalo limeundwa, na sehemu ya kazi hiyo inafanyika kwenye mizizi, ambako mmea una wenzake. Wenzake hao ni kuvu.

Najua neno hili linatutisha. Kuvu tunazozijua ni mapunye kichwani kwa mtoto, au ukungu kwenye mahindi yaliyolowa, ambao ni sumu kweli na mahindi hayo yasiliwe. Lakini kuvu ni ukoo mkubwa. Wamo wabaya, wamo wazuri, na uyoga tunaokula nao ni wa ukoo huohuo. Wale wa mizizi wanaitwa mikoriza. Jina hilo lilitolewa mwaka 1885 na mtaalamu wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kuvu na mzizi. Serikali yake ilikuwa imemtuma achunguze namna ya kupanda uyoga wa thamani unaoota chini ya ardhi. Katika kazi hiyo akaona kwamba ncha za mizizi ya miti zimevikwa kuvu, na miti yenyewe haiumwi. Kumbe wanaishi pamoja.

Na siyo urafiki wa jana. Huko Uskoti yamepatikana mabaki ya mimea iliyogeuka jiwe, ya zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na ndani yake kuvu za namna hii zinaonekana. Leo mimea mingi sana ya nchi kavu, karibu minane katika kila kumi, inaishi nazo. Mchaichai umo, mrehani umo, shubiri imo, artemisia imo, na mahindi, maharage na mihogo vimo pia.

Biashara ya chini kwa chini

Sasa wanasaidianaje? Tufikirie soko. Mmea una sukari, kwa sababu majani yanaitengeneza kwa mwanga wa jua. Kuvu haina jani, haijui kutengeneza sukari. Lakini kuvu ina nyuzi nyembamba mno, nyembamba kuliko unywele, zinazoweza kupenya kwenye vitundu vya udongo ambamo mzizi haupiti. Basi wanabadilishana: mmea unatoa sukari na mafuta, kuvu inaleta virutubisho na kusaidia mmea wakati wa ukame. Malipo siyo madogo. Yanaweza kufika sehemu moja kwa tano ya sukari yote ambayo mmea umetengeneza.

Kirutubisho kikubwa hapa ni fosforasi. Wote tunaujua udongo mwekundu wa huku. Ule wekundu ni chuma, kama kutu ya jembe. Chuma hicho kinaishika fosforasi, kinaing'ang'ania, haisogei. Mzizi unakula ile iliyo karibu nao kabisa, halafu unabaki na njaa huku chakula kipo hatua moja mbele. Nyuzi za kuvu zinavuka pale, zinaenda sentimita kadhaa mbali na mzizi, zinachukua na kurudisha. Ni kama mtoto unayemtuma dukani wakati wewe mguu unauma.

Na mmea wenyewe ndio unaoita. Ukipungukiwa fosforasi, mizizi inatoa kemikali fulani kwenye udongo, na kuvu ikiipata inaanza kutoa matawi kuelekea mzizi. Watafiti wa Japani waliitambua ishara hiyo mwaka 2005. Cha kushangaza, kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linaloua mahindi na mtama, nalo linaamshwa na kemikali za aina hiyohiyo. Rafiki na mwizi wanasikia mwito mmoja.

Kuvu ikishafika inaingia ndani ya mzizi na kutengeneza vichaka vidogo sana ndani ya seli, na hapo ndipo soko lenyewe lilipo. Huwezi kuviona bila hadubini. Ukiung'oa mrehani, mzizi utaonekana mzizi wa kawaida tu.

Wenye kupenda uyoga wataelewa

Kuna aina nyingine ya mikoriza ambayo mazao yake tumeyatia kwenye chungu. Wale waliozoea mapori ya miombo wanajua kwamba mvua zikianza, uyoga mwingi unatoka chini ya miti fulani, kama mtundu na mkusu, kila mwaka mahali palepale. Ule wa njano wenye umbo la faneli ni mmoja wao. Unatoka pale kwa sababu nyuzi zake zimeungana na mizizi ya mti ule. Mti ukikatwa, uyoga huo unapotea, kwa sababu aliyekuwa anaulisha ameondoka. (Uyoga mkubwa wa kwenye vichuguu ni habari nyingine, ule unalimwa na mchwa. Na tafadhali, uyoga usioujua usiuchume, hata kama unaota chini ya mti mzuri.)

Kuvu za mrehani na artemisia hazitoi uyoga wa kula, lakini sheria ni ileile: hazina maisha bila mzizi ulio hai. Shika sana neno hili, tutalirudia.

Kuvu na nguvu ya jani

Je, kuvu inaishia kukuza mmea tu, au inagusa na dawa yenyewe? Mwaka 2006 watafiti wa Italia walitoa matokeo ya kupanda mrehani pamoja na aina tatu za kuvu hizi, kila moja peke yake. Aina mojawapo iliongeza vile vifuko vidogo vya harufu kwenye jani, na mafuta yake yakaongezeka. Aina zote hazikufanya sawasawa. Mwaka 2007 watafiti wa India walitoa matokeo ya artemisia. Miche iliyopewa kuvu za mizizi ilikuwa na artemisinini nyingi zaidi kwenye majani kuliko isiyopewa, na vile vinywele vya jani ambamo dawa hiyo inatengenezwa viliongezeka.

Artemisinini ndiyo ile iliyotambuliwa China mwaka 1972 na kikundi cha mama mmoja mtafiti anayeitwa Tu Youyou. Alianzia kwenye maandishi ya tiba ya zamani ya nchi yake, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli. Ndani ya maandishi yale mmea ulilowekwa kwenye maji na kukamuliwa, haukuchemshwa. Hapo ndipo alipopata wazo kwamba moto ulikuwa unaharibu dawa, akaitoa kwa njia isiyo na joto kali.

Basi sasa naweza kumjibu mama, na kila mzazi mwenye sufuria ya majani jikoni. Mama, chai yako haikushindwa kwa sababu mmea ni wa uongo. Ilishindwa kwa sababu hakuna anayejua ndani yake kuna kiasi gani. Mbegu hatujui ni ya aina gani. Mizizi hatujui ina wenzake au haina. Kikombe cha asubuhi siyo kikombe cha jioni. Hospitali wanapima dawa kwa uzito wa mtoto, na katika dawa mseto wanaiunganisha na dawa nyingine ili vimelea vya malaria visipate pa kukimbilia. Sisi jikoni tunapima kwa kiganja.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutumia majani au chai ya artemisia kutibu au kuzuia malaria. Sababu moja ni hiyo ya kipimo. Sababu ya pili ni nzito zaidi: vimelea vinavyopewa dawa kidogokidogo vinajifunza kuizoea. Tayari katika nchi za jirani zetu, Rwanda na Uganda, na hapa Tanzania pia, wataalamu wamethibitisha kuwepo kwa vimelea vilivyoanza kuzoea dawa za jamii hiyo. Dawa hii ikichoka, sindano iliyomwokoa mdogo wangu nayo itachoka.

Kwa hiyo mtoto akipata joto, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Chai isiwe sababu ya kusubiri hata usiku mmoja.

Bustani ya Koko

Je, tung'oe bustani zetu? Hapana. Mchaichai wa chai ya asubuhi, mrehani wa kunukisha chakula, mlonge wa mboga, vyote vina faida yake. Ila tuvitunze tukijua vinaishije.

Koko mmoja jirani yetu, mama wa kutoka Fizi, alihamia kiwanja kingine. Akang'oa mrehani na mchaichai wake, akaikata ile mizizi midogo, akaiosha vizuri iliyobaki kwa kuwa yeye ni mtu wa usafi, akapanda kwenye uwanja ambao ulikuwa umefagiliwa miaka na miaka. Udongo mtupu, mgumu kama tofali. Miche ikadumaa, majani yakawa na rangi ya zambarau kwa chini. Akaniambia, "Mwalimu, hii udongo ya huku haitupende." Wengine wakaanza kusema ni mkono wa mtu.

Nikamwambia, "Koko, siyo mtu. Wenzake umewaacha kwenye kiwanja cha zamani, na huku hakuna wa kuwapokea." Pale pasipoota kitu kwa miaka mingi, kuvu hizi zinapungua sana, maana hazina wa kuzilisha.

Ili Koko aamini, na mimi mwenyewe nihakikishe, tulifanya jaribio na wanafunzi wangu. Tulichukua udongo wa chini ya kichaka cha zamani pembeni ya shule, tukaugawa mara mbili. Nusu tukaupasha kwa mvuke kwenye moto wa uji ulipokuwa unabaki, ili kuua viumbe vilivyomo. Nusu tukauacha hivyo. Tukapanda mrehani kwenye mikebe ya mafuta, maji sawa, jua sawa. Wiki za kwanza mikebe ya udongo uliopashwa moto ndiyo iliyoongoza, wanafunzi wakanicheka! Joto linaachia virutubisho kidogo, mmea unafaidi haraka. Lakini kuanzia mwezi wa pili mambo yaligeuka. Mikebe ya udongo mbichi ikapita, majani mapana, harufu unaisikia ukiwa mlangoni. Mkebe mmoja uliliwa na mbuzi, huo hatukuuhesabu. Siwezi kuapa kwamba ni kuvu peke yake, maana moto unaua na viumbe vingine vyenye faida. Ila Koko alishuka chini, akakanda udongo mkononi, akasema, "Kumbe iko na watu ndani."

Tufanye nini nyumbani?

1. Ukihamisha mche, uhamishe na bonge la udongo wake. Usioshe mizizi, usiipunguze.

2. Kwenye shimo jipya weka viganja viwili vya udongo uliotoka kwenye mizizi ya mmea mzima wenye afya. Usichukue kwenye mmea ulionyauka au wenye vinundu vya ajabu kwenye mizizi, utahamisha ugonjwa. Usichukue karibu na choo. Na usitoke nje ya mipaka ya kambi kwa ajili ya udongo, hata chini ya mgomba au majani ya pembeni ya nyumba unapatikana.

3. Usiache sehemu ya bustani tupu mwaka mzima. Kuvu inahitaji mzizi ulio hai. Kiangazi acha hata kunde au mchaichai ubaki, na funika udongo kwa majani makavu. Fagia njia na mlango, lakini bustani usiifagie.

4. Usilime kwa kina bila sababu. Kila jembe linapopita linakata nyuzi. Palizi ya juujuu inatosha. Wala usichome takataka juu ya tuta.

5. Samadi iliyooza na mboji ni nzuri. Mbolea ya chumvichumvi yenye fosforasi nyingi inafanya mmea uwakatae wenzake: ukishiba bure, huna haja ya kulipa mtu.

6. Lengalenga, kabichi na sukuma wiki ni mboga nzuri, tuendelee kuzipanda, lakini zenyewe haziishi na kuvu hizi. Tuta lililokaa na lengalenga tupu misimu mingi litakuwa limewapunguza wenzetu. Kabla ya kupanda dawa pale, panda kwanza maharage, kunde au mahindi msimu mmoja.

Kwa wenye bustani za magunia, mnaweza kuzalisha kuvu wenyewe. Chukua udongo wa kwenye mizizi ya majani yenye afya, changanya na mchanga, jaza mkebe uliotobolewa chini. Panda mtama pamoja na kunde. Mwagilia miezi mitatu mpaka minne. Halafu acha kumwagilia siku kumi hivi, kata mashina, ng'oa mizizi, ikatekate vipande vidogo na uichanganye na udongo uleule. Kiganja kimoja cha mchanganyiko huo kwenye kila shimo la mche kinatosha. Haununui kitu.

Vijana, kazi hii ni yenu. Shule zetu zina nafasi ndogo ya mikebe kando ya madarasa, na walimu wa sayansi watafurahi. Atakayefanya jaribio lake alete majibu, hata kama mbuzi amekula, tutayaandika humu.

Koko sasa ana mrehani mpaka wa kugawa, na anaugawa na udongo wake. Mama yangu naye hakung'oa artemisia, bado iko pale nyuma ya jiko inanukia. Lakini mtoto akipata joto, mama hashiki tena sufuria. Anatafuta kwanza kitenge cha kumbebea.

Mwalimu wenu wa kujitolea